Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: heshima ya mwalimu mtandaoni hailindwi kwa kamera

Kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, na Manaibu wao wa Taaluma.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa nchini, na tangu mwaka wa kwanza wenzangu wamenichagua kuwa CR, mwakilishi wa darasa. Kazi hii imebadilika sana tangu enzi zenu. Zamani CR alikuwa mtu wa kuzungusha karatasi ya mahudhurio na kufuata ufunguo wa ukumbi. Siku hizi ndiye admini wa kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia tatu. Ndiye anayetumiwa linki ya kipindi, ndiye anayepigiwa simu saa nne usiku aambiwe "watangazie wenzako, kesho saa mbili kuna test mtandaoni", na ndiye anayemwagiwa malalamiko ambayo hakuna anayethubutu kumwandikia mhadhiri mwenyewe. Nawasikia wahadhiri wakilalamikia wanafunzi, na nawasikia wanafunzi wakiwazungumzia wahadhiri wakiwa peke yao. Ndiyo maana nimeona niandike.

Kwenye vikao ambavyo sisi wawakilishi tunaalikwa, kauli inayorudiwa ni kwamba wanafunzi wa mtandaoni hawana adabu. Wanazima kamera. Wanajiunga na kipindi halafu wanaenda kuoga. Wanaulizwa swali, kimya. Wanakili kazi. Na dawa inayotajwa kila mara ni kuongeza udhibiti: kamera ziwashwe kwa lazima, mahudhurio yahesabiwe na mfumo, atakayechelewa afungiwe nje, mitihani isimamiwe na programu inayomkodolea mtu macho tangu mwanzo hadi mwisho. Nawaomba msiifuate njia hiyo. Wanafunzi ninaowafahamu bado wanawaheshimu walimu wao, tena sana. Ila mtandaoni wanampima mwalimu kwa swali moja: yupo au hayupo? Akiwapo, wanamsikiliza hata bila kamera. Asipokuwapo, hakuna kitufe kitakachomrudishia mamlaka yake.

Kama mnadhani heshima imekwisha, ningependa mlione kundi letu asubuhi mhadhiri anapoingia. Anaandika tangazo la mistari miwili, na kabla hajaweka nukta zimeshamiminika "Shikamoo Dokta", "Shikamoo Dokta", "Shikamoo Prof", mamia kwa mamia, mpaka tangazo lenyewe linazama na mimi nalazimika kulinakili upya na kulibandika chini. Hakuna anayewalazimisha. Ni watoto waliolelewa wakijua mwalimu anaamkiwa, awe ukumbini, awe sokoni, awe kwenye simu. Adabu hiyo haikuyeyuka kwa sababu tumehamia kwenye vioo.

Kilichobadilika ni mazingira yaliyokuwa yakimbeba mwalimu. Ukumbini mwalimu husimama juu ya jukwaa, ana maiki, anatembea kati ya viti, anaweza kuufunga mlango saa mbili na dakika tano na ukabaki nje hata kama wewe ni mtoto wa nani. Hata mwalimu asiyejiandaa vizuri hubebwa na vitu hivyo. Kwenye simu ya inchi sita yeye ni mraba mdogo kama sisi, au duara lenye herufi mbili za jina lake, na sauti inayokatika. Vinavyobaki ni ujuzi wake, namna anavyojibu anapoulizwa, na kama anatenda haki. Walimu wenye hivyo hawakupoteza kitu. Baadhi yao hadhi yao imepanda kuliko ilivyokuwa ukumbini.

Muhula uliopita tulifundishwa takwimu na mama mmoja ambaye hakuwahi hata siku moja kutaja neno kamera. Kila Ijumaa jioni alikuwa anatuma kundini sauti za dakika nne, tano, akijibu maswali ya wiki. "Aliyeuliza kwa nini tunagawanya kwa n kutoa moja, kaa hapa tuongee." Anaeleza kwa Kiingereza cha darasani, kisha anarudia kwa Kiswahili, kisha anatoa mfano wa bei za nyanya. Unasikia mtoto analia nyuma, unasikia mvua juu ya bati, naye anaendelea tu. Swali likiwa la kijinga hasemi ni la kijinga, na jina la aliyeuliza halitaji. Akichelewa anasema amechelewa na anasema lini atajibu. Watu walikuwa wakichangishana bando wasikilize sauti zile. Wasichana wa kitanda cha juu na cha chini walikuwa wanatumia simu moja, kila mmoja na waya mmoja sikioni. Siku alipotuambia kwamba kazi zetu zimejaa kunakiliana na kwamba zote zinarudiwa, hakuna aliyebisha. Hata mimi nilitegemea manung'uniko kundini. Hayakuja. Alikuwa amezisoma kazi zile moja moja, na kila mtu alijua hivyo kwa sababu maoni yake yalikuwa pembeni ya kila ukurasa.

Muhula huohuo, kozi nyingine, mhadhiri alipakia slaidi zote siku ya kwanza. Zilikuwa na tarehe ya miaka iliyopita na nembo ya chuo kingine. Hatukumwona tena mpaka wiki ya test. Huyu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu mahudhurio. Wanafunzi walimwogopa, hilo halina ubishi, kwa sababu alama 40 za muhula zilikuwa mkononi mwake. Lakini nyuma ya mgongo wake hakuna aliyemwita mwalimu.

Naomba niwasimulie tukio moja, kwa sababu linaonyesha udhibiti unavyofanya kazi kwa vitendo.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya muhula, vipindi vyote mtandaoni, wengi bado tuko makwetu. Mhadhiri aliingia akafunga maiki za wote na kuweka mpangilio wa kuzuia mtu yeyote asijifungulie mwenyewe. Ukumbi wa kuandikia, ile chat ya kipindi, nao aliufunga, kwa sababu kipindi kilichotangulia watu walisalimiana humo mno. Baada ya robo saa akaanza kuangalia orodha ya waliojiunga. Katikati ya majina ya watu kulikuwa na jina la simu: Infinix HOT. Simu hizi usipobadilisha jina zinakuingiza kwa jina lake, na wengi hatujui pa kulibadilishia. Mhadhiri akauliza, "Huyu Infinix ni nani? Jitambulishe. Nahesabu mpaka tatu." Akahesabu. Akamtoa.

Aliyetolewa ni dada mmoja kutoka kijiji cha mkoani Katavi. Alikuwa ametembea hadi barabarani, kwenye kibanda cha kutolea pesa, kwa kuwa nyumbani mtandao haukamati. Bando alikuwa amekopa. Alisikia akiulizwa, akabonyeza maiki, maiki haifunguki. Akajaribu kuandika, hakuna pa kuandikia. Baadaye alinitumia ujumbe mfupi wa kawaida: "CR mwambie dokta ni mimi, nilikuwa namjibu." Nilimwambia. Jibu lilikuwa kwamba utaratibu ni utaratibu, na siku ile dada yule aliandikwa hakuhudhuria. Chuoni kwetu ukiwa chini ya asilimia 75 ya mahudhurio hufanyi mtihani wa mwisho, kwa hiyo kila alama moja ya kutokuwapo ina uzito.

Watu zaidi ya mia tatu walisikia vile. Mwalimu alifunga midomo yetu kwa mkono wake, kisha akamwadhibu mwenzetu kwa kunyamaza. Tangu siku ile mpaka muhula unaisha, kwenye kozi ile hakuna aliyeandika kitu kwenye ukumbi wa kuandikia hata ulipofunguliwa, na mhadhiri akawa anasema darasa letu ni la watu waliokufa. Mnaposikia malalamiko ya aina hiyo, tafadhali ulizeni kimya kile kilianza lini.

Kwa sababu penye nafasi, mtandao umefungua midomo. Ukumbini, kati ya mia tatu wanaouliza maswali ni walewale wanne, waliosoma shule za Kiingereza. Wengine wanaogopa kusimama na kuvunja sarufi mbele ya watu. Kwenye maandishi nimeona watu ambao kwa miaka miwili sikuwahi kuisikia sauti yao wakiuliza maswali mazito kabisa, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa lugha iliyochanganyika. Wapo wahadhiri wanaoona huko ni kuvuka mpaka, kwamba mwanafunzi anamwandikia profesa "Prof hapo sijaelewa" kama anaongea na rafiki yake. Mimi naona kinyume. Mwanafunzi anayekiri mbele ya mwalimu kwamba hajaelewa ameyakubali mamlaka ya mwalimu huyo katika jambo la msingi kabisa: kwamba yeye anajua, na atamfundisha.

Sasa nizungumzie kauli inayotuumiza kuliko zote, "mfumo umefunga."

Kazi inatakiwa saa tano na dakika 59 usiku. Saa tano na nusu umeme unakatika mtaa mzima, minara inazidiwa, ukurasa unazunguka tu. Saa sita na dakika mbili unafanikiwa kufungua na unakuta pa kupakia hapapo. Unamwandikia mhadhiri na kumtumia picha ya kioo cha simu. Anajibu, kama atajibu, "Mfumo umefunga, mimi siwezi kufanya chochote." Waheshimiwa, vyuo vyetu vingi vinatumia Moodle, programu ya kufundishia mtandaoni, na wanafunzi wa TEHAMA wanaoishi nasi hosteli wanaijua Moodle ndani na nje. Mwalimu anaweza kuweka tarehe ya mwisho na tarehe ya kufungwa kabisa zikawa mbili tofauti. Anaweza kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kuwagusa wengine. Ni mibofyo michache. Kwa hiyo anaposema hana uwezo, mwanafunzi anaelewa moja kati ya mawili: ama hajui chombo anachofundishia, ama anajua na hataki, na anatumia mashine kujificha.

Tungemheshimu zaidi angesema: "Nimesoma maelezo yako, sikuridhika nayo, jibu ni hapana." Hilo ni neno la mwalimu. Tunalichukua, tunaumia, maisha yanaendelea. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote, nikiwa mwaka wa kwanza, tuliona tofauti hiyo waziwazi. Mhadhiri mmoja alituma ujumbe wa kawaida kwa simu, si WhatsApp, akisema kazi yake imesogezwa siku tatu. Mwingine tulimfikia baada ya mtandao kurudi, akasema kila mtu ana dharura zake. Mpaka leo ukitaja majina yao wawili darasani utaona nyuso za watu zinavyobadilika.

Kujificha nyuma ya mashine kumeingia pia kwenye suala la akili mnemba. Ni kweli kuna wanafunzi wanaoiagiza programu iwaandikie kazi nzima na kuiwasilisha na makosa yake yote. Sitawatetea, na wanatuchafua sote. Lakini wapo wahadhiri wanaopitisha kazi kwenye kitambuzi, programu ya kubaini maandishi ya mashine, wakiona asilimia nyekundu wanaandika sifuri, na mwanafunzi akienda kujieleza anaonyeshwa ile asilimia. OpenAI wenyewe, walioitengeneza ChatGPT, walikifunga kitambuzi chao Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vitambuzi saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao, zilizoandikwa kwa ajili ya TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilizoandikwa na binadamu zilitajwa kuwa kazi ya mashine. Sababu waliyoitoa ni kwamba mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno machache na yaleyale. Ndiyo sisi hao. Wengi wetu Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mwalimu anayenijua, aliyesoma kazi zangu mbili za mwanzo, ana uwezo wa kunikamata nikidanganya kuliko programu yoyote. Aniite dakika kumi aniulize nilichoandika. Nikishindwa kukieleza, sifuri yangu ni halali na nitainyamazia.

Kuhusu kamera, naomba mfikirie zinaelekezwa wapi. Chumba cha hosteli kina watu sita au wanane. Kuna anayevaa, kuna anayeswali, kuna mgonjwa amelala. Aliyepanga mtaani anaishi chumba kimoja na wadogo zake. Kipindi chenye video cha muda wa saa mbili kinaweza kula zaidi ya GB moja, na wengi wanaishi kwa bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, ambalo mnajua linavyochelewa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na uso wa mtu na chumba anacholala ni taarifa zake. Hata Marekani, ambako programu za kusimamia mitihani zilienea mapema, jaji wa shirikisho aliamua mwaka 2022, katika kesi ya mwanafunzi dhidi ya Cleveland State University, kwamba chuo hicho kilivunja haki yake kwa kumtaka azungushe kamera chumbani kabla ya mtihani. Na papo hapo naomba mkomeshe tabia ya kurusha makundini faili la matokeo lenye majina na namba za usajili za darasa zima. Mtu aliyeshika sapu, yaani anayetakiwa kurudia mtihani, hapaswi kulijua hilo pamoja na watu mia tatu kwa wakati mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo wasichana wa darasa langu waliniomba nisiliache. Mawasiliano ya mtandaoni yamempa mhadhiri namba ya simu ya kila mwanafunzi. Wengi wanaitumia kwa heshima. Wapo wachache ambao ujumbe wao huanza na "umefikia wapi na ile kazi" saa tano usiku, kesho yake "mbona picha ya profaili umeibadilisha", na keshokutwa ni mwaliko. Binti hawezi kumzuia mtu anayeshikilia alama zake. Akimjibu ameingia, asipomjibu anangoja matokeo kwa hofu. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, lakini kesi hizi huanza mbali kabla ya kufikia hatua ya sheria, kwenye ujumbe ambao ukiusoma peke yake hauna ubaya. Chuo kikiweka kanuni kwamba mambo ya kozi yanazungumzwa kwenye mfumo wa chuo au kwenye kundi lenye CR ndani yake, na kwamba mwisho ni saa mbili usiku, binti atakuwa na cha kushika. Na mhadhiri mwadilifu naye atalindwa dhidi ya kusingiziwa.

Nisieleweke kwamba nawalaumu wahadhiri peke yao. Kama CR nimeona mizigo yao kwa karibu. Mhadhiri mmoja ana kozi tatu, kila moja na mamia ya wanafunzi, anasimamia tafiti, anasahihisha, na hupandishwa cheo kwa machapisho zaidi kuliko kwa namna anavyofundisha. Bando la kufundishia wengi wananunua wenyewe. Mafunzo ya kutumia mfumo yalikuwa semina ya siku chache. Mama yule wa takwimu, zile sauti za Ijumaa hazimo popote kwenye hesabu ya saa zake za kazi. Amefanya kwa moyo wake, na mkiendelea kutegemea moyo, siku moja atachoka.

Wala hatuwezi kusingizia dharura. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vingi vya umma hapa kwetu havikuhamia mtandaoni. Wanafunzi walikaa nyumbani mpaka vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni. Wenzetu wa Kenya walifungiwa muda mrefu zaidi na walilazimika kujifunza kufundisha mtandaoni katikati ya janga. Sisi tumejenga mambo haya baadaye, kwa nafasi, na mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulianza mwaka 2021 ukiwa na TEHAMA ndani yake. Vifaa vinakuja, na tunashukuru. Ombi letu ni kwamba sehemu ya nguvu hizo iende kwenye muda wa mwalimu.

Umbali wenyewe haujawahi kumvunjia mwalimu heshima katika nchi hii. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wakati intaneti haijafika majumbani. Mama yangu mdogo, mwalimu wa shule ya msingi, alisoma huko akiwa kazini. Mpaka leo ana bahasha ya karatasi zake zilizosahihishwa, zenye maoni ya wino mwekundu ya mhadhiri ambaye anasema alionana naye uso kwa uso mara chache sana. Anamtaja kwa jina kamili na cheo chake, kama mtu aliyemlea. Wino ule mwekundu ndio ulikuwa kuwapo kwake. Mwaka 2000 watafiti watatu waliokuwa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, Garrison, Anderson na Archer, walieleza kwamba darasa la mtandaoni linahitaji wanafunzi wanaofikiri pamoja, wanaofahamiana kama watu, na mwalimu anayeonekana akipanga, akiongoza na kufundisha. Kamera ya mwanafunzi hawakuiweka kuwa nguzo.

Pengine mtajiuliza kwa nini sikuweka jina. Mnajua historia ya vyuo vyetu. Mwaka 1971 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, rais wa umoja wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alikamatwa na kuondolewa chuoni baada ya mvutano na uongozi kuhusu namna chuo kinavyoendeshwa. Sijifananishi naye na sitarajii hayo, nyakati ni nyingine. Lakini mimi bado nina mitihani ya kufanya, na wanaosahihisha ndio ninaowaandika hapa. Hofu hiyo peke yake ingetosha kuwaambia kwamba mwanafunzi hana mahali pa kusemea.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. TCU, ambayo tayari ina mwongozo wa ufundishaji wa mtandaoni na mseto, iongeze humo kwamba kujibu maswali ya wanafunzi mtandaoni ni saa za kufundisha zinazohesabika kwenye mzigo wa kazi na kwenye kupanda cheo. Vyuo vitoe wakufunzi wasaidizi kwa madarasa yanayozidi mia moja, na bando kwa anayefundisha. Mhadhiri aelezwe kwa maandishi kwamba anao uwezo wa kuongeza muda, kukubali udhuru au kuukataa, na kwamba jibu lake liwe na sababu na litoke ndani ya siku tatu. Asilimia ya kitambuzi isiwe ushahidi pekee wa kumpa mtu sifuri. Kamera iwe hiari, na mwanafunzi aliyetolewa kwenye kipindi awe na mtu wa kumwendea siku hiyohiyo ambaye si yule aliyemtoa.

Mengine yanaweza kusubiri bajeti. Hili la kutolewa kipindini na kuandikwa hukuhudhuria halihitaji fedha, linahitaji waraka wa ukurasa mmoja. Wiki ya kwanza ya muhula ujao vipindi vyetu ni mtandaoni tena, na dada yule wa Katavi atakuwa kibandani kwake barabarani. Nimeshamwonyesha pa kubadilishia jina la simu. Naomba waraka huo utoke kabla ya wiki hiyo.

Wenu katika masomo,

CR, mwaka wa tatu